Mwaka Nilioitwa Jotham

Karani wa chumba cha maiti aliuliza jina la marehemu. Mama akajibu "Jotham" wakati uleule nilipojibu "Elphas". Karani akainua kalamu. Hakukasirika, nadhani amezoea watu waliochanganyikiwa. "Mathe, muelewane kwanza," akasema, "hii karatasi nikishaandika siwezi kufuta." Nikamsukumia kitambulisho cha ndugu yangu chini ya kioo. Picha ilikuwa yake, na yale masikio yake makubwa, na kovu la juu ya jicho alilolipata akigombea mpira wa kona pale uwanja wa Kamukunji. Jina lilikuwa langu, na tarehe ya kuzaliwa ilikuwa yangu. Karani akanakili. Kisha akaomba changu kama jamaa wa karibu, nikampa, akaandika Jotham, na umri unaozidi wangu kwa miaka mitano, akanirudishia na kuniambia pole sana, Bwana Jotham. Mama alikuwa amekaa kwenye benchi la nyuma. Akaanza kulia upya, na nilijua halii kifo peke yake.

Tulimzika Subukia, kwenye kipande cha shamba ambacho mama alinunua alipoacha kazi. Wale aliocheza nao zamani walikuja kutoka kila pembe ya Nakuru, sasa wana vitambi na magoti mabovu, wakasimama pamoja karibu na mibuni ya shamba wakimwita Jotha na kukumbushana mabao yake. Kamati ya mazishi ilikesha siku mbili ikibishana kuhusu kijitabu cha ibada. Wakiandika Jotham, jina halitalingana na kibali cha kuzika. Wakiandika Elphas, watu wa kanisani watashangaa, maana Elphas si yuko hapa anabeba viti? Mwishowe wakachapisha "Ndugu Yetu Mpendwa" bila jina lolote, na mchungaji akasoma hivyohivyo hadi mwisho, ndugu yetu alizaliwa, ndugu yetu alisoma, ndugu yetu alienda Uhispania kucheza mpira. Nilimsikiliza nikiwa na hasira ambayo sikujua nimwelekezee nani. Watu wachache wanaojua hii habari huniuliza nilikubali vipi, na mimi huwaambia ni hadithi ndefu. Si ndefu. Ilikuwa mwaka mmoja tu, karibu miaka kumi na tano iliyopita, nilipokuwa kidato cha nne.

Tuliishi Kivumbini, mtaa wa Nakuru mjini, chumba kimoja chenye pazia katikati. Upande mmoja ulikuwa kitanda cha mama na meza, upande wa pili godoro letu, vitabu vyangu na viatu vya mpira vya Jotham, ambavyo vilinuka mpaka tukavitundika dirishani. Jotham alikuwa mshambuliaji wa timu ya mtaa iliyoshiriki ligi ya chini kabisa ya mkoa, na kocha wake alikuwa mtu tuliyemwita Kocha Simiti, kwa sababu katikati ya wiki alikuwa fundi wa ujenzi. Kocha Simiti aliwapenda vijana wake, hilo silikatai. Aliwanunulia mkate na kuwapeleka hospitalini. Lakini alikuwa na sheria moja ambayo aliirudia kila Jumamosi baada ya mazoezi: usikimbilie kitambulisho. Kwake yeye, mchezaji ana umri wa mama na umri wa mpira, na siku unapochukua kitambulisho serikali inakufunga kwenye umri wa mama, basi umekwisha. Kwa hiyo vijana wake walifika miaka ishirini na mbili, ishirini na tatu, bila kitambulisho, wakitembea na barua za shule walizoacha zamani ili polisi wakiwasimamisha waseme bado ni wanafunzi. Jotham alikuwa mmoja wao. Aliishia darasa la nane, akawa anabeba magunia sokoni na kufunga mabao wikendi, na mbele ya sheria alikuwa kama hayupo.

Jumapili moja mwezi wa Oktoba, baada ya kanisa, Kocha Simiti alikuja nyumbani akiwa amevaa koti. Mama alipika chai ya maziwa na mandazi, na kocha alipokataa kuondoka, mama akasonga ugali na kukaanga omena. Jotham alikaa nao mezani, mimi nilikuwa nyuma ya pazia na kitabu cha Hisabati. Nilisikia kwamba kuna wakala wa Nairobi ambaye amemwona Jotham akifunga mabao mawili, na kwamba ana watu katika timu ndogo ya Uhispania, daraja la nne, mji wa mashamba, wanaotaka mshambuliaji kijana kabla ya mwezi wa kwanza kuisha.

"Jotha ako na ishirini na tatu," mama alisema.

"Hiyo ni ya mama. Ya mpira ni kumi na nane. Huko hawachukui mtu wa ishirini na tatu kutoka huku. Wataniuliza, miaka yote hiyo alikuwa wapi?"

"Si alikuwa hapa."

"Ndiyo shida, Mama Jotha. Alikuwa hapa."

Nikasikia kijiko kikizungushwa kwenye kikombe muda mrefu kuliko sukari inavyohitaji. Kisha kocha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia hali ya hewa, "Huyu mdogo ametimiza kumi na nane, ama?" Mama akasema ametimiza wiki iliyopita. "Na cheti yake ya kuzaliwa iko safi? Haijawahi tumika kwa kitu?" Nilitoka nyuma ya pazia kujifanya nataka chai, na wote watatu wakanitazama. Jotham peke yake ndiye aliyeinamisha macho. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kama kuna mtu aliyeniomba, na kusema kweli hakuna. Mimi ndiye niliyesema, "Achukue." Nilisema kwa furaha. Nilikuwa nimevaa nguo zake kuukuu tangu nianze kutembea, nimekula nyama aliyoleta yeye, na kwa mara ya kwanza nilikuwa na kitu anachokihitaji. Hiyo ndiyo sehemu inayoniuma zaidi nikiifikiria sasa, kwamba nilijivuna.

Wiki zilizofuata nilimfundisha kuwa mimi. Kocha alionya kwamba huko ofisini wanaweza kuuliza chochote, kwa hiyo kila jioni baada ya chakula tuliketi kwenye godoro nikawa nauliza yeye anajibu. Umezaliwa lini? Ulisoma wapi? Nani alikuwa mwalimu wako wa darasa la kwanza? Mwanzoni alikuwa anacheka na kukosea makusudi, anasema mwalimu wangu alikuwa Mwalimu Ugali, mpaka mama anacheka upande wa pili wa pazia. Baadaye akawa makini. Alitaka kujua mambo ambayo hakuna karani angeuliza, kwamba nani alinipiga nikiwa darasa la tatu, kwa nini nilipenda Hisabati, nataka kuwa nini. Nikamwambia nataka kuwa mhandisi wa barabara, kitu ambacho sikuwa nimemwambia mtu. Akakirudia polepole, "Nataka kuwa mhandisi wa barabara," akiangalia dari, na kilisikika vizuri kuliko nilivyokisema mimi. Nilimfundisha hata kutia sahihi yangu. Mwezi wa Novemba alichukua kitambulisho, wa Desemba pasipoti, na wiki ya pili ya Januari mama alichinja kuku na Jotham akaondoka akiwa Elphas. Mtaa mzima ulijua. Hakuna hata mmoja aliyesema neno, kwa kuwa karibu kila nyumba ilikuwa na kijana uwanjani.

Nilikuwa sijafikiria kabisa kwamba na mimi ningehitaji kuwa mtu. Mwezi wa Februari shule ilitangaza kila mtahiniwa alete nakala ya cheti cha kuzaliwa kwa usajili wa mtihani wa kidato cha nne. Mama akampigia wakala wa Nairobi, akaweka simu kwenye sauti ya juu ili na mimi nisikie. Mtu yule alikuwa mpole sana. Alieleza kwamba jina moja na tarehe moja haviwezi kufanya mtihani Nakuru huku vinafunga mabao Uhispania, kwamba mtu mmoja tu mwenye wivu akilinganisha karatasi hizo mbili Jotham atarudishwa kwa aibu na kufungiwa maisha. "Huyo kijana angoje tu kidogo," akasema. Mama akauliza kidogo ni ngapi. Akasema misimu miwili, mitatu. Simu ilipokatika mama hakunitazama. Alianza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa.

"Cheti ya Jotha iko," akasema. "Na ile ya darasa la nane iko. Haina mwenyewe."

Hapo shuleni nisingeweza kusajiliwa kama Jotham, kila mwalimu alinijua. Ndipo nikapelekwa Keringet kwa Anti Rispa, dada yake mama, aliyekuwa mpishi wa shule ya kutwa. Alimweleza mwalimu mkuu kwamba mpwa wake Jotham aliacha shule zamani kwa shida za nyumbani, akasoma peke yake, na sasa angependa kumaliza. Mwalimu mkuu alinisifu kwa moyo wa kujaribu tena. Nilikuwa mwanafunzi wa pili katika darasa letu kule Nakuru, na sasa nilisimama mbele ya meza yake nikiwa mtu wa miaka ishirini na tatu mwenye alama mbovu za darasa la nane, nikimshukuru kwa kunihurumia.

Keringet ni baridi ya kuingia kwenye mifupa. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe, na Anti Rispa alinifunga shuka mbili nikiamka saa kumi na moja kumsaidia kuwasha moto jikoni mwa shule. Tulikula viazi kwa kila namna, vya kuchemsha, vya kuponda, vya mchuzi, na jioni maziwa ya moto kwa kikombe cha bati. Kwenye chumba chake kulikuwa na kiti kimoja, akanipa mimi, yeye akakaa kitandani akifuma sweta na kunung'unika kuhusu mama. "Dada yangu hana akili," alisema, akidhani nimezama kwenye kitabu. "Mtoto ni mtoto. Huwezi kata mmoja ukashonea mwingine." Darasani ilikuwa mbaya zaidi. Mwalimu wa zamu aliita majina kila asubuhi, na mimi sikuitika. Si kwa ubishi. Nilikaa nikimngoja huyo Jotham aitike, mpaka mwenzangu anikanyage mguu. "Wewe mzee," mwalimu alinikaripia, "masikio uliacha nyumbani?" Darasa zima likacheka. Kuanzia hapo waliniita Guka, babu, na walipotaka kunikera walinyanyuka kunipisha kiti. Nilijifunza kuitika mwishoni mwa muhula wa kwanza. Siku niliyoitika bila kufikiri nilienda chooni nikalia.

Karibu na kinu cha kusagia mahindi palikuwa na duka lenye kompyuta mbili za kukodisha. Jumamosi nilienda kutafuta matokeo ya ile ligi, ukurasa wenye lugha nisiyoijua, na mwezi wa Machi nikaona: Elphas, dakika ya sabini na moja. Nilikaa nikitazama jina langu likiwa peke yake kwenye mstari, na furaha niliyohisi ilikuwa ya kweli, nusura nimwite mwenye duka aone. Halafu nikakumbuka kwamba nikimwambia huyo ni ndugu yangu, ataniuliza mbona mdogo anacheza Ulaya na mkubwa bado yuko darasani. Nikalipa nikatoka. Jina hilo lilionekana mara tatu zaidi hadi mwezi wa Mei. Mabao manne. Hayo ndiyo mabao yote ambayo ndugu yangu alifunga Uhispania katika mashindano yanayoandikwa mahali popote.

Alipiga simu kila Jumapili ya pili kwenye simu ya Anti Rispa. Aliniambia uwanja ni wa nyasi za plastiki, ukianguka unachunika kama kiazi. Mashabiki ni wazee waliokuja na mbwa wao. Anakaa chumba kimoja na vijana wanne, na katikati ya wiki wote wanafunga saladi kwenye masanduku shambani kwa mwenyekiti wa timu, wima, kutoka alfajiri, kisha jioni mazoezi. "Lakini wananipenda," alisema. "Wananiita Elfa." Mwezi wa Mei aliumia goti. Hakuna aliyemgusa, aligeuka tu kuufuata mpira akaanguka. Daktari wa timu alipiga picha, akaitazama muda mrefu, akamuuliza kama ana uhakika na miaka yake. Jotham alinisimulia hayo akicheka. Nikamuuliza alijibu nini. "Nilimwambia mama yangu ndiye anajua," akasema, na hapo hakucheka tena. Msimu ulipokwisha timu haikumhitaji. Simu ya wakala wa Nairobi ikawa haipatikani, na ya Kocha Simiti ikawa inaita tu. Elphas, ambaye nilimkatia maisha yangu ili akimbie, alikuwa sasa anafunga saladi asubuhi na jioni.

Nilingoja hadi Septemba, wakati wa kuvuna viazi, shule imefungwa wiki moja. Nilitoka na simu mpaka nyuma ya jikoni ili Anti asisikie. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilimwambia bado kuna muda, nisifanye mtihani huu, arudi nyumbani achukue jina lake, mimi ningoje mwaka mmoja nifanye kwa jina langu, niombe chuo, niwe mhandisi. Sikuwa na sauti ya kuomba, nilikuwa na sauti ya mtu anayedai chake.

"Nikirudi nitapita mlango gani?" akauliza. "Pasipoti ni ya Elphas. Karatasi ya kukaa ni ya Elphas. Kitanda hiki ni cha Elphas. Hapa nikisema mimi ni Jotham, kesho nalala nje."

"Na mimi?"

"Goti inapona. Kuna timu ingine, ya daraja la tano, wameniambia nije mwezi wa kumi na moja. Nipe msimu moja, bro. Moja tu."

Nilimpa. Ningefanya nini? Alikuwa mbali, goti limevimba, analala na watu wasiojua jina lake. Nilimchukia jioni ile kwa chuki ambayo sijawahi kumchukia mtu mwingine, na nikampa. Baadaye aliomba mwingine, na mwingine, kutoka daraja la tano hadi zile timu za Jumapili ambazo wachezaji hujilipia nauli, na alipokosa hata hizo alikuwa ameshazoea saladi. Aliishi huko miaka kumi na miwili. Alirudi akiwa mgonjwa wa figo, mkimya, na walipomwita Jotha mtaani alichelewa kugeuka.

Mtihani ulianza mwishoni mwa Oktoba. Karatasi ya kwanza niliandika herufi ya E mahali pa jina, nikaikata, na msimamizi akaja kuniuliza kwa nini nimekata. Nikasema baridi. Baada ya hapo sikukosea tena. Nilijibu Hisabati kwa hasira, nikamaliza kabla ya wote, nikakaa nikitazama jina lililo juu ya karatasi na kujua kwamba kila alama ninayopata inampata mtu ambaye hayuko chumbani. Nilivyoandika ndivyo nilivyobaki. Chuo cha ualimu kilimpokea Jotham, serikali ikamwajiri Jotham, na wanafunzi wangu hapa Nakuru wananiita Mwalimu Jotham. Nitastaafu miaka mitano kabla ya wakati wangu. Ufadhili wa uhandisi nilioomba ulikuwa na kikomo cha umri, na Jotham alikuwa amekivuka.

Matokeo yalitoka mwanzoni mwa mwaka uliofuata, nikiwa nimerudi Kivumbini. Mama ndiye aliyepokea ujumbe kwenye simu yake, kwa sababu nilikataa kuutazama. Alitoka uani na kanga begani akapiga kelele, "Jotham amepita! Jotham wangu amepata B!" Majirani walitoka kwenye milango yao. Wote walijua ni nani aliyefanya mtihani, na wote waliitikia, Jotham amepita, wakinipiga mgongoni, wakinikumbatia, na hakuna hata mmoja aliyekosea jina. Nilisimama katikati yao nikitabasamu. Mama alikuwa tayari anapiga simu Uhispania, na alipopata akazipaza zile habari kama alivyofanya uani, kisha akasikiliza, uso ukabadilika, akanipa simu.

Nilisikia sauti za watu wanaozungumza Kihispania. Kisha ndugu yangu akasema, "Kumbe ningepita." Nikadhani anatania. "Jina langu umelifikisha mbali," akasema. "Lako nimelileta kufunga saladi." Alikuwa analia.

"Si kitu, Jotham," nikasema.

"Usiniite hivyo," akanong'ona haraka. "Kuna watu hapa."

Nilitazama uani. Mama alikuwa amekaa chini, majirani wamemzunguka.

"Elphas," nikamwita.

"Naam," akaitika papo hapo.